Ukiacha dini, unaondoka na nini na unaacha nini?

Swali la msomaji: "Nina miaka 36. Nimelelewa kanisani, na kwa zaidi ya miaka ishirini sikukosa ibada; niliimba kwaya na kufundisha watoto. Imani ilinitoka polepole, na sasa ni mwaka wa tatu sijaenda. Nilitegemea uhuru, na kweli nimeupata, lakini kuna utupu ambao sikuutarajia. Mume wangu na mama yangu bado ni waumini, na tuna mtoto wa miaka saba. Naomba kueleweshwa bila kuhubiriwa: mtu anayeishi bila dini anapata nini, na anapoteza nini hasa?"

Dada, utupu huo una maelezo. Muumini akikusikia atasema Mungu anakuita urudi. Asiyeamini atasema ni mazoea tu, yatakwisha. Waliochunguza mambo haya kwa miaka mingi wanaonyesha jambo jingine: dini ni furushi. Ndani yake mna imani, lakini pia mna watu, ratiba, nyimbo, maneno ya kusema penye msiba, na mahali pa kupeleka fedha na nguvu zako. Wewe ulifanya uamuzi kuhusu kitu kimoja, imani, na furushi zima likaenda nacho. Nikisoma barua yako naona kwamba unachokililia ni vile vingine.

Ushahidi wa hili uko wazi. Mwaka 2010 wanasosholojia Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha matokeo ya kuwahoji Wamarekani wale wale mara mbili, 2006 na 2007. Waliohudhuria ibada mara kwa mara waliridhika na maisha kuliko wasiohudhuria, jambo lililojulikana tangu zamani. Jipya lilikuwa chanzo chake. Karibu tofauti yote ilitokana na marafiki ambao mtu alikuwa nao ndani ya kusanyiko lenyewe. Aliyekwenda kila wiki bila kuwa na rafiki wa karibu pale hakumzidi kitu cha maana asiyekwenda kabisa. Sala za faraghani na hisia za kupendwa na Mungu hazikuweza kueleza tofauti ile.

Upande wa afya picha ni hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuatilia wauguzi wa kike 74,534 wa Marekani kwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria. Usiichukue namba hiyo kama kipimo cha dawa. Hakuna aliyegawiwa dini kwa kura ili alinganishwe na mwingine. Mgonjwa sana hawezi kufika ibadani, na hilo pekee linapindisha hesabu, ingawa watafiti walijitahidi kulirekebisha. Walipochambua njia ambazo faida ile ilipitia, msaada wa watu na kutovuta sigara vilibeba sehemu kubwa kuliko vingine. Ukiweka kando dini kabisa, uchambuzi mwingine wa 2010 uliokusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000 ulikuta kwamba walio na mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi kwa asilimia 50 ule wa walio wapweke. Kwa hiyo hasara ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni watu.

Niiangalie kwa karibu, maana hapa ndipo wengi hukosea. Wanasema, "Nitatafuta marafiki wengine." Kusanyiko la ibada lina sifa nne ambazo urafiki wa kawaida hauna. Linakutana siku ile ile, saa ile ile, bila mtu kupiga simu kupanga. Linachanganya umri: bibi wa miaka sabini anakaa benchi moja na mtoto wa miaka kumi. Linakupa kazi yenye jina, mwimbaji wa sauti ya pili au mwalimu wa watoto, ambayo usipofika inalala. Na lina mtu atakayeuliza ulikuwa wapi ukikosa wiki mbili. Nje ya hapo watu wazima huagana kwa "tutafutane", mwaka unapita.

Sasa, vikundi visivyo vya dini vinaweza kuzaa hayo? Vinaweza, lakini kwa shida. Januari 2013 ilianzishwa London Sunday Assembly, mkutano wa watu wasioamini wenye nyimbo, hotuba na chai. Ulienea haraka hadi makumi ya miji katika nchi kadhaa, kisha matawi mengi yakafungwa. Sababu mojawapo naiona katika kazi ya mwanaanthropolojia Richard Sosis na Eric Bressler, waliochunguza jumuiya 83 za karne ya 19 huko Marekani ambazo watu waliishi pamoja, nyingine za kidini na nyingine za kisiasa. Za kidini zilidumu zaidi. Tena, jumuiya ya kidini ilipodai mengi kutoka kwa watu wake, katika mavazi, chakula au mali, ndivyo ilivyoishi muda mrefu. Kwa jumuiya zisizo za dini masharti magumu hayakusaidia. Mtu akiambiwa sharti ni takatifu halipigii hesabu. Akiambiwa ni utaratibu tu wa kikundi, atauliza kila mwaka kama bado linamlipa, na mwaka mmoja jibu litakuwa hapana.

Kwa hiyo usitafute kanisa lisilo na Mungu. Tafuta kazi ya pamoja inayoonekana matokeo yake, ambayo kila mkutano unazaa kitu: timu, chama cha kujitolea, kikundi cha kuokoa watu, kilimo cha pamoja. Kwako wewe ningesema kwaya, bila kusita. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha ulinganisho wa madarasa mapya ya watu wazima ya uimbaji, kazi za mikono na uandishi kwa miezi saba. Waimbaji walizoeana upesi, tayari katika mwezi wa kwanza. Wengine waliwafikia mwishoni. Miaka ishirini umekuwa ukipewa hicho kila wiki bila kujua ni uimbaji unaokifanya. Jiunge na kikundi kinachokutana kila wiki, kwani cha mara moja kwa mwezi hakitoshi, na jipe angalau miezi sita kabla ya kuamua kama kinafaa. Wiki sita za kwanza zitakuwa baridi. Omba kazi ndogo mapema, kufungua mlango au kutunza vitabu vya nyimbo, maana anayehitajika ndiye anayezoeleka.

Hasara ya pili haionekani hadi siku ya msiba. Dini zimeyapanga maombolezo kwa tarehe. Uyahudi una siku saba za kukaa nyumbani, kisha thelathini, na kwa mzazi miezi kumi na mmoja ya sala maalumu. Uislamu unaweka siku tatu za rambirambi kwa jamaa, na eda ya mjane miezi minne na siku kumi. Ratiba hizi zinamsaidia mfiwa, na zinamsaidia jirani kuliko tunavyofikiri: anajua aje lini, aseme nini, alete nini. Pasipo ratiba, wiki ya kwanza nyumba inajaa na wiki ya sita hakuna hodi, na wiki ya sita ndiyo mbaya. Ukifiwa, au rafiki yako asiye na dini akifiwa, andikeni tarehe mapema: siku ya saba, ya thelathini, mwezi wa sita, mwaka. Kila tarehe ipewe jina la mtu mmoja atakayekuja. "Tupo pamoja nawe" isiyo na jina wala siku haimfikii mtu.

Sherehe za maisha nazo zinaweza kujengwa upya, na kuna nchi zimefanya hivyo kwa vizazi. Norway imekuwa na sherehe ya vijana isiyo ya dini tangu 1951, inayotanguliwa na kozi ya maadili na fikra. Chama cha kihumanisti cha huko, yaani cha watu wanaofuata maadili ya utu bila dini, Human-Etisk Forbund, kilianzishwa 1956 na ndicho kinachoiendesha. Uskoti inatambua kisheria ndoa za kihumanisti tangu 2005. Zimeshika kwa sababu zina kozi kabla, ukumbi, mavazi, mashahidi na tarehe ile ile kila mwaka. Sherehe ya kubuniwa jioni moja jikoni haibebi uzito huo, hata kama maneno yake ni mazuri.

Kuhusu sala nitasema kwa ufupi. Sala ilikupa mahali pa kuweka jambo usiloweza kulibadilisha. Hilo linapotea, na sijui kitu kinacholijaza sawasawa. Wengine huandika, wengine hutembea, wengine hukaa kimya dakika kumi kila asubuhi. Kinachosaidia ni saa maalumu na mkao uleule, kwa sababu sehemu kubwa ya utulivu wa sala ilitoka kwenye kurudia.

Na uzito wa hasara zote hizi unategemea sana mahali ulipo. Wanasaikolojia Ed Diener, Louis Tay na David Myers walionyesha mwaka 2011, kwa takwimu za nchi nyingi, kwamba penye maisha magumu, njaa na hofu, watu wa dini wana nafuu ya wazi, kwa sehemu kwa sababu wanapata msaada na heshima zaidi. Penye hospitali, pensheni na usalama, wa dini na wasio na dini wanakaribiana. Ukiishi mahali ambapo jumuiya ya waumini ndiyo bima ya afya, ndiyo benki, ndiyo inayochanga ada na jeneza, kuiacha ni kupoteza bima, benki na jeneza. Kabla hujajitenga kabisa, kaa uandike: nikilazwa kesho, nani atanilipia, nani atakaa na mtoto, nani atanizika? Kama majina yote ni ya kanisani, usivunje uhusiano hadi uwe na mengine: chama cha akiba, bima, ndugu.

Kuna nchi pia ambazo kuacha dini waziwazi ni kosa mbele ya sheria, au kunaweza kugusa ndoa, malezi ya mtoto na urithi, ingawa kifungu cha 18 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinataja wazi haki ya kubadili dini. Pale, swali la nani ajue linatangulia mengine yote. Kunyamaza ili ubaki salama si unafiki.

Sasa faida, na nazo ni za kweli.

Ya kwanza inawahusu wale ambao dini yao ilikuwa ya hofu. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake walifuatilia wagonjwa wazee 596 waliolazwa, na kuchapisha 2001. Wale waliohisi kwamba Mungu amewaacha, hawapendi, au kwamba ugonjwa ni kazi ya shetani, walikuwa na hatari ya kufa iliyoongezeka kwa asilimia 19 hadi 28 katika miaka miwili, hata baada ya kuzingatia hali yao ya afya. Imani yenyewe si mto laini kwa kila mtu. Aliyelelewa kuhesabu dhambi kila usiku, mwanamke aliyeambiwa avumilie kipigo kwa sababu ndoa ni takatifu, kijana anayependa wa jinsia yake na kusikia kila wiki kwamba amelaaniwa: hawa wakiondoka hupumua, na sioni kwa nini waombe radhi kwa hilo.

Lakini hofu haiondoki siku imani inapoondoka. Mtu anaweza kuwa haamini tena moto wa milele na bado akashtuka saa nane usiku, moyo unakwenda mbio, akijiuliza, "Je, kama ni kweli?" Hofu iliyofundishwa kabla ya miaka saba imo mwilini. Hoja haziifikii. Inapungua kwa njia inayotumika kwa hofu nyingine: iite kwa jina, usiikimbie, pumua polepole, acha wimbi lipite, wala usirudie sala ya zamani kwa ajili ya kuituliza tu, kwani hapo unauzoeza mwili kwamba hatari ilikuwepo. Ikiendelea kukukosesha usingizi kwa wiki kadhaa, muone mwanasaikolojia, na mwambie tangu mwanzo kwamba hutaki kurudishwa wala kupongezwa. Na huo utupu ukigeuka kukata tamaa ya kuishi, usisubiri hata wiki moja. Siku hiyo hiyo mwambie mtu na utafute daktari.

Faida ya pili ni muda na fedha, na inapotea bila mtu kuiona. Ibada saa tatu, mazoezi ya kwaya saa mbili, darasa la watoto saa moja: saa sita kwa wiki, 312 kwa mwaka. Fungu la kumi ni zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja kati ya kumi na miwili. Mwaka wa kwanza watu wengi hawawezi kusema saa zile na fedha zile zilikwenda wapi. Zimemezwa na simu na matumizi madogo. Kanisani ulitoa kwa sababu uliombwa kila wiki mbele ya watu. Sasa hakuna anayekuomba, na ukarimu unanyauka bila wewe kuwa mbaya. Chagua shirika moja au mtu mmoja, weka asilimia, agiza benki ikate siku ya mshahara. Anza na asilimia tano. Vivyo hivyo zile saa sita: tatu ziwekee jina, tatu pumzika.

Watakuambia pia kwamba bila dini utapoteza maadili. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani. Walipewa hotuba ya kutoa jengo la jirani, baadhi yao juu ya Msamaria mwema, yule wa Biblia aliyemsaidia majeruhi njiani, na njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata akigugumia. Wasio na haraka walisimama kusaidia asilimia 63. Wenye haraka kiasi 45. Waliokuwa wakikimbizana na saa, 10. Kile walichokwenda kuhubiri hakikuleta tofauti ya kutegemewa. Nalitaja hili kwa ajili ya pande zote mbili. Anayeacha dini hageuki mwovu, na pia hageuki mwema kwa sababu tu sasa anafikiri mwenyewe. Wema unahitaji nafasi katika siku yako.

Lakini kuna faida hapa: jambo jema sasa ni lako. Ukisamehe, umesamehe kwa sababu uliyoiona wewe. Wengi huona hili kuwa zito mwanzoni, kisha likawa chanzo cha heshima kwa nafsi zao.

Jambo moja kuhusu mwaka wako wa tatu. Tafiti kadhaa, mojawapo ya Luke Galen na James Kloet ya 2011, zimekuta kwamba walio na uhakika, wa kuamini au wa kutoamini, wana utulivu kuliko walio katikati. Katikati panachosha. Sikuambii ujilazimishe uhakika usio nao. Nakuambia usipime maisha yote bila dini kwa uchovu wa safari hii. Wala hauko peke yako: hesabu ya Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, kwa mwaka 2020 iliweka wasio na dini karibu bilioni 1.9, kama asilimia 24 ya watu wote, na wengi kati yao bado wanaamini Mungu au nguvu fulani.

Unaweza hata kurudi nusu. Denmark wengi wa raia ni wanachama wa kanisa la taifa, na wanaokwenda kila wiki ni wachache sana. Wanalitumia kanisa kwa harusi, mazishi na nyimbo. Ukitaka kuimba tu, mweleze kiongozi wa kwaya ukweli. Darasa la watoto usilichukue tena. Kufundisha usichoamini kutakula ndani.

Nyumbani, msibishane juu ya Mungu na mume wako. Kubalianeni mambo manne na myaandike: mtoto anakwenda ibadani mara ngapi na na nani, ibada maalumu za umri wake zitafanyika au zitasubiri aamue, nani anajibu maswali yake, na kwamba hakuna anayemdhihaki mwenzake mbele yake. Pitieni tena kila mwaka, kwani mtoto wa miaka kumi si yule wa saba. Akikuuliza, jibu kwa ukubwa wake: "Baba anaamini hivi. Mimi siamini. Bibi anaamini, na sote tunakupenda." Usimpe siri ya kumficha bibi, mzigo huo ni mkubwa kuliko mabega yake. Hadithi za dini azijue, kwa sababu bila hizo hataelewa nusu ya semi, nyimbo na majina yanayomzunguka.

Na mama yako: yeye haogopi hoja zako, anaogopa hatakuona tena baada ya kifo. Usimjibu kwa vitabu. Mpeleke kanisani siku kubwa, kaa naye, simama anaposimama.

Mwisho, andika ukurasa mmoja kuhusu mazishi yako, ingawa u kijana. Taja kuzikwa au kuchomwa, nani aongoze, nani azungumze na kwa dakika ngapi, nyimbo gani mbili. Andika wazi kama mama yako akiwa hai anaruhusiwa kusoma sala. Wengi wasioamini huiacha sehemu hiyo wazi, na familia hugombana juu ya mwili. Tia sahihi na tarehe. Nakala moja mpe mume wako, nyingine mpe mtu asiye wa nyumbani kwenu.